Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka



Tangu nirudi kutoka Marekani, kila tunapomaliza kikao mnaniuliza swali lile lile: "Mama, uliona nini huko?" Wengine wanangoja niseme juu ya theluji, maduka na magari. Hayo nimekwisha kuwasimulia, wala hayatusaidii sana. Juma hili nataka kuandika juu ya kitu kimoja tu nilichokiona, kwa sababu kinagusa jambo ambalo wengi wetu tunalilia kimya kimya hapa Lubumbashi: wajukuu wanakua mbele ya macho yetu, lakini hatuzungumzi nao.

Mnajua namna inavyokuwa. Mtoto anaingia shule ya chekechea akiwa na miaka mitatu, na nyumbani wazazi wanamwambia aseme Kifaransa ili masomo yasimshinde baadaye. Sina neno na Kifaransa; mimi pia kilinipa kazi. Lakini nkambo anakuja kutoka Kasenga au Bukama na Kiswahili chake, Kibemba chake au Kiluba chake, anakaa saluni, na mtoto anamjibu "oui" au "non", kisha anakimbilia televizyo. Nkambo anarudi kijijini na mfuko wa sukari na kikwembe kipya, lakini hakuacha neno hata moja ndani ya mtoto yule.

Kule Boston nilikuta jambo hilo hilo, ila kali zaidi. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, nami nilikwenda kumsaidia. Wakubwa wa mtoto huyo ni mvulana wa miaka sita na msichana wa miaka mitatu. Kwa muda mrefu walinijua kwenye simu tu. Mvulana alikuwa anasema "Jambo Kambo", halafu anamrudishia mama yake simu haraka kama kitu cha moto. Nilipofika, alisimama nyuma ya mlango. Niliosha mtoto mchanga, nikapika bukari, nikafua, naye ananiangalia tu. Nikimwuliza kitu kwa Kiswahili, anamjibu mama yake kwa Kiingereza, na mama yake ananieleza. Tuliishi hivyo majuma matatu.

Tulijaribu njia tunazozijua. Nilianza kumsimulia hadithi ya sungura jioni, akaondoka kabla sungura hajafika kisimani. Binti yangu alimwambia mezani, "Sema: kijiko. Sema: sahani." Mtoto akafunga mdomo kama mtu aliyeitwa kwenye mtihani. Usiku mmoja, tukiwa tunaosha vyombo, binti yangu aliniambia kwa sauti ndogo, "Mama, ukirudi nyumbani, huyu atasahau hata sauti yako." Sikumjibu. Niliendelea kupangusa sahani ile ile.

Jumamosi iliyofuata mkwe wangu alisema atatupeleka kwenye makumbusho ya watoto. Binti yangu alibaki na mchanga. Kiingilio pale si kidogo, lakini maktaba ya mji wao huazima wakaaji karatasi ya kupunguziwa bei, kama vile mtu anavyoazima kitabu. Mkwe wangu alikwenda kuichukua. Ndani ya gari nilikaa nyuma pamoja na watoto, kama heshima inavyotaka, naye akaendesha bila maneno mengi.

Mimi nilijua makumbusho ni nini. Sisi tunayo yetu hapa mjini. Unaingia polepole, unaweka mikono nyuma, unaangalia vitu nyuma ya kioo, na mlinzi anakuangalia wewe. Nikajiuliza mtoto wa miaka mitatu atafanya nini mahali pa namna hiyo, na mimi nitamshika vipi asivunje vitu vya watu.

Boston Children's Museum iko kando ya maji, ndani ya jengo la matofali ambalo zamani lilikuwa bohari ya sufu. Mbele yake imesimama chupa ya maziwa yenye urefu wa mita 12 hivi; watoto huiona kwa mbali na kuanza kupiga kelele. Tulipoingia, nilitafuta vioo na kamba za kuzuia watu. Sikuona. Kati ya nyumba pana kitu cha kupanda kinachokwenda juu ghorofa tatu: mbao zilizopindwa kama majani makubwa, na wavu wa waya pande zote ili mtoto asianguke. Watoto walikuwa wanapita ndani yake kama panya kwenye nyasi. Msichana wetu alivua kofia, akanipa, akaingia. Mimi nilibaki chini, shingo juu, nikiita jina lake kila dakika. Mkwe wangu akasema, "Mama, muache. Njia ya kushuka anaiona mwenyewe." Kweli alishuka, jasho usoni, akapanda tena.

Nilimwomba mkwe wangu anisomee habari za nyumba ile, kwa sababu nilitaka kujua ni nani aliyekuwa na moyo wa kuacha watoto washike kila kitu. Haya ndiyo niliyojifunza. Makumbusho ya kwanza duniani yaliyofanywa kwa ajili ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, mjini New York, mwaka 1899. Ile ya Boston ilianzishwa mwaka 1913 na walimu wa sayansi, waliotaka wanafunzi waone mawe, ndege na wadudu wenyewe, si picha tu. Lakini kwa miaka mingi vitu vingi vilibaki kwenye makabati ya vioo. Mwaka 1962 alikuja kiongozi mpya, Michael Spock, mtoto wa daktari Benjamin Spock aliyeandika kitabu mashuhuri cha kulea watoto. Michael huyu alipokuwa mdogo alikuwa na shida kubwa ya kusoma. Maandishi yalimpiga chenga, lakini kitu akikishika mkononi alikielewa. Alipopata madaraka, aliondoa vioo. Kisha wakaonyesha vitu vya kila siku vilivyopasuliwa ili watoto waone vilivyo ndani. Tangu hapo makumbusho mengi ya nchi nyingine yamefuata njia hiyo.

Hilo lilinigusa. Mtoto aliyeonekana mzito darasani ndiye aliyekuja kufundisha dunia namna mtoto anavyojifunza. Kati yetu wako wamama ambao mwezi wa sita wanarudi na bulete ya shule wakiwa na machozi. Waliweke neno hili moyoni.

Sasa nirudi kwa mjukuu wangu.

Kuna chumba pale chenye njia za kuteremshia mipira. Ni mipira midogo migumu, ile ya mchezo wa golfu, na njia zimefungwa zikishuka: nyingine zimenyooka, nyingine zina vilima na mabonde. Mtoto anaweka mpira juu, anauachia, na mpira unakimbia mpaka chini. Hakuna zaidi. Mvulana wetu alisimama juu, akaachia mpira, ukafika chini, ukaenda kwa mtoto mwingine. Akaachia mwingine, nao ukapotea. Alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumdakia. Baba yake alikuwa amekwenda na msichana kwenye beseni za sabuni, ambako watoto wanapiga viputo vikubwa kupita kichwa chao. Mtu wake pale nilikuwa mimi tu.

Akanishika mkono, akanivuta mpaka mwisho wa njia, akaniweka pale kama unavyoweka kigoda. Halafu akakimbia juu.

Mpira ukaja. Nikaudaka, nikamwinulia, nikasema, "Huu hapa! Leta mwingine!" Akaleta. Nikasema, "Tena!" Mpira wa tatu ulikuwa na mbio sana, ukanipita, nikapiga kelele, "Ngoja, ngoja!" Akacheka. Ulikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sababu yangu. Akainua mpira mwingine juu ya kichwa na kuniuliza kwa macho kama niko tayari. Nikasema, "Achia!" Akaachia. Mpira uliofuata aliushika, akanitazama, akasema mwenyewe: "Kambo, achia?" Nikasema, "Achia!"

Tulikaa pale muda mrefu. Tulijaribu mpira mmoja kwenye njia iliyonyooka na mwingine kwenye njia ya vilima ili tuone upi utatangulia. Sitawaeleza sababu zake, mimi si mwalimu wa fizike, lakini tulibishana. Tulibishana, wamama, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu, na kila mmoja alielewa, kwa sababu mpira ulikuwa mbele yetu ukitoa ushuhuda. Alipoondoka pale alikuwa na maneno sita: achia, ngoja, tena, haraka, polepole, na umeshindwa. Hilo la mwisho aliliambia mimi.

Sikumfundisha hata moja. Hakuna mtu aliyesema "Sema: polepole." Maneno yalikuja kwa sababu kazi iliyahitaji. Macho yake yalikuwa kwenye mpira, si kwenye mdomo wangu, kwa hiyo hakuona haya.

Baada ya hapo tuliingia kwenye nyumba ya Kijapani. Si mfano wa nyumba. Ni nyumba yenyewe. Ilikuwa ya mfanyabiashara wa hariri katika mji wa Kyoto. Mji huo, ambao ni ndugu wa Boston tangu mwaka 1959, uliitoa kama zawadi mwaka 1979. Ilibomolewa ubao kwa ubao, ikavushwa bahari, ikajengwa upya ndani ya makumbusho. Mlangoni unavua viatu kabla ya kukanyaga mikeka. Nilivua vyangu. Nikakaa chini, miguu upande mmoja, namna mama zetu walivyokaa. Mvulana alinitazama, akakaa vile vile. Msichana naye akaja akajilaza mapajani mwangu.

Nikasema, "Kwetu pia tunakaa hivi. Nyumbani kwa mama yangu palikuwa na mkeka." Mvulana akamgeukia baba yake na kuuliza jambo kwa Kiingereza. Mkwe wangu alifungua mdomo anieleze, kisha akaufunga. Akamwambia kwa Kiswahili, "Muulize Kambo mwenyewe." Akatoka nje, akajifanya anaangalia viatu.

Mtoto alihangaika. Aligusa mkeka. Akaonyesha ukuta, akaonyesha mimi. Mwisho akasema, "Kambo... nyumba... hii?" Nikaelewa kwamba anataka kujua kama nyumba ya mama yangu ilikuwa kama hii. Nikamweleza: hapana, yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na paa la nyasi. Nikachora paa hewani kwa mikono. Nikamwonyesha namna tulivyokanyaga udongo kwa miguu, na yeye akasimama na soksi zake akakanyaga pamoja nami, mpaka mtumishi wa pale akaja kutuangalia na kutabasamu. Nikamwambia mama yangu aliitwa nani. Akalirudia jina. Lilitoka vibaya, akalirudia tena.

Wamama, mama yangu alifariki miaka 20 iliyopita. Sikufikiri kwamba jina lake lingetamkwa katika mji ule, na mtoto asiyemjua.

Nisiwadanganye kwamba tangu siku hiyo mtoto alizungumza Kiswahili kama maji. Jumatatu yake alirudi kunijibu kwa Kiingereza. Lakini sasa nilijua mlango uko wapi. Niliacha kumwita aje akae tuongee. Nilimwita aje tufanye. Tulichagua maharagwe pamoja: zuri, baya, jiwe. Tulikunja vikwembe vyangu, yeye ncha moja na mimi ncha nyingine: vuta, kunja, leta. Tulifungua tochi iliyokufa kuangalia ndani. Aliponisaidia kukoroga bukari alisema ni nzito, na neno "nzito" likawa lake. Nilipoondoka, maneno yake yalikuwa yanatosha kuniomba kitu na kunikatalia kitu. Leo akipiga simu harudishi simu haraka. Anasema "Kambo, ona," halafu ananionyesha kitu alichojenga, na mimi namwuliza, na inabidi ajibu.

Basi, swali ambalo linatuhusu sisi ni hili. Hapa Lubumbashi hatuna nyumba ya namna ile. Je, tungoje mpaka mtu atujengee?

Nafikiri hapana, kwa sababu nguvu ya mahali pale haikuwa kwenye jengo. Niliangalia vizuri. Walikuwako wazazi waliokaa pembeni na simu zao, na watoto wao walikimbia kutoka kitu hadi kitu, wakachoka, wakalia. Walikuwako wengine waliopiga magoti chini na watoto wao, na hao walikaa mahali pamoja kwa muda. Jengo lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa mtu mzima aliyeshika ncha ya pili.

Na vitu vya kushika tunavyo. Watoto wetu wa kartie wanatengeneza motoka za nyaya zenye usukani unaogeuka kweli. Mtu wa Boston angezilipia kiingilio kuzitazama. Wasichana wanacheza nzango kwa miguu na nyimbo, na kuhesabu ndani yake. Tunao udongo, maji, kitunga, kinu, mizani ya sokoni, kufuli na ufunguo. Mama anayeuza soko la Kenya anaweza kumpa mtoto wake kazi ya kupanga nyanya, kubwa na ndogo, tano tano, huku wakiongea. Siongei juu ya kumtoa mtoto shuleni akauze. Naongea juu ya nusu saa ambayo yuko pale tayari, amekaa chini ya meza bila la kufanya.

Kisha tunayo makumbusho yetu, Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, yaliyoanzishwa mwaka 1946. Wangapi kati yetu tumeingia na watoto? Mle kuna vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, ambavyo wazee wetu walivitumia kama fedha karne nyingi kabla ya franka. Kuna vyungu kutoka Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambako wachimbuaji walikuta makaburi ya zamani sana mwaka 1957 na 1958. Watu walikuwa wamezikwa na vyungu vyao, na wengine na misalaba midogo ya shaba. Mtoto wa Lubumbashi anaona dohani kubwa na kilima cheusi cha terili kila siku, na anafikiri shaba ilianza na mashine. Mwonyesheni kwamba mababu walikwisha kuiyeyusha, kwenye tanuru walizojenga kwa udongo wa kichuguu.

Vitu vile havishikwi, na ni haki, kwa sababu havina vingine. Lakini ziara na watoto wadogo inawezekana mkiifanya kwa akili. Nendeni asubuhi, watoto wakiwa wamekula. Msitazame kila kitu. Chagueni vitu vitatu tu, mkae mbele ya kila kimoja. Ulizeni: "Hiki kilitengenezwa na nini? Kilikuwa cha nani? Ungekitumia kufanya nini?" Kabla mtoto hajaanza kulia, tokeni. Kisha nyumbani mpeni mikononi kile ambacho kioo kilimkataza: udongo wa kufinyanga chungu chake, vijiti viwili vya kufunga msalaba, mchanga uliolowana wa kugandamiza alama yake. Hapo atazungumza. Nkambo awe karibu, kwa sababu yeye ndiye anayejua jina la kila chungu na kazi yake.

Najua mama mmoja atauliza, "Mtoto anayeshika kila kitu hatakuwa mtoto asiye na adabu?" Ni swali la haki. Nilichokiona ni kwamba kule kushika kuna sheria. Unangoja zamu yako. Unarudisha kitu mahali pake. Kwenye mikeka unavua viatu. Chumba cha wachanga wa chini ya miaka mitatu, wakubwa hawaingii kukimbia humo. Mtoto aliyenyang'anya aliondolewa na mama yake, akakaa kando, akalia, akarudi. Mtoto anajifunza adabu ya mikono akiwa na kitu mikononi.

Kuna mambo ya kujihadhari nayo kwetu hapa, nami nayasema kwa nguvu. Udongo wa kuchezea usitoke karibu na viwanda vya madini, wala kwenye terili, wala mahali wanapooshea au kuhifadhi madini, hata karibu na nyumba. Uchafu wa risasi na kobalti hauonekani kwa macho, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi kwa sababu wanaweka vidole mdomoni. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kucheza na kabla ya kula. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe kitu kinachoingia mdomoni chote: harage, kifungo, kizibo kidogo. Mkifungua redio au tochi ya zamani, toeni betri kwanza, na zile betri ndogo za duara zisiachwe kabisa. Mtoto akimeza moja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Chupa iliyokaa na javeli au soda ya kutengenezea sabuni haiwi kitu cha kuchezea, hata ioshwe mara kumi. Na mbabula ikiwa na moto, mchezo uwe mbali nayo.

Nimezungumza na kamati, na wamekubali tujaribu. Kuanzia Jumamosi ijayo, wakati wa kikao chetu, watoto hawatakaa tena kwenye benchi la nyuma wakisinzia. Tutawatandikia upande wa dirishani. Kila mama alete kitu kimoja kutoka nyumbani kwake ambacho mtoto anaweza kushika bila kuumia: kitunga, ungo, mfuniko, kufuli, motoka ya nyaya, vipande vya vikwembe, mahindi makavu kwa wale wakubwa. Hatutanunua kitu. Tunaomba wazee wawili, wale wenye umri na hadithi, wakae nao chini na kufanya kazi pamoja nao, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji chao. Simu zibaki ndani ya mikoba.

Andikeni majina ya watoto na miaka yao kwa katibu kabla ya Ijumaa, ili wadogo tuwatenge na vitu vidogo. Mkeka nitauleta mimi.